Ndugu Wabaki Nje

Jumatatu, 3 Machi

Kijana, maumivu ya kifua, jasho tele. Mama yake kamganda kama kupe. Mwanawe hata soda hanywi, anasema! Nikamtoa nje. Pazia kufungwa tu, kijana akanong'ona: kokeini, tangu jana. Si nilijua!

Nikawaambia wanafunzi: umri mdogo unadanganya. Ukipima hatari kwa umri na kipimo cha kwanza tu, utamrudisha nyumbani akafie huko. Kokeini inabana mishipa ya moyo, hata wa kijana. Damu ipimwe tena baada ya saa kadhaa. Ile sindano ya kupunguza mapigo, msimpe kabisa, mishipa inaweza kuzidi kubana. Na atakayoyasema nyuma ya pazia yabaki huko huko. Hata mkewe asiambiwe.

Mama mtu akapenya tena. Mara mbili! Nikamfokea mlinzi: ndugu akitolewa, asirudi mpaka aitwe. Hata akilia.

Twiga kimya leo. Daktari niliyemfundisha mwenyewe, mrefu, mdomo haufungiki – leo anatazama viatu. Nikamtania, mchumba kakukataa? Akacheka kwa meno tu.

Jumatano, 5 Machi

Mume wangu anajishika kifua. Kiungulia, anasema. Nikampa vidonge, nikamwambia apunguze pilipili, nikaendelea kumenya vitunguu. Sikumuuliza kitu. Nani anamuuliza mumewe maswali ya wodini?

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa. Mimi! Nisipoandika nitapiga mtu.

Mchana wamemleta mume wangu kutoka kazini. Kifua, jasho, moyo unakwenda mbio. Nikasahau kwamba mtu hatibu wa kwake. Nikamwinamia, nikamuuliza, umetumia chochote? Akanitazama kwa uchungu, kama nimemtukana. "Mke wangu! Mimi?"

Nikamwamini. Tena nikaona aibu kumuuliza. Nikaagiza sindano ya kupunguza mapigo, nikaishika mwenyewe.

Twiga akanikamata mkono. "Dada, hiyo hapana."

Kwa nini? Hakuniachia. Nikarudia kwa ukali. Akasema hawezi kusema. Muuguzi naye ghafla kaona vumbi kwenye dirisha. Mume wangu akafumba macho.

Hapo ndipo nikaelewa. Hiyo sindano tunamnyima mgonjwa wa aina moja tu siku hizi, na somo ni langu mimi.

Nikamuuliza Twiga: ameshawahi kuja hapa? Hakukiri. Hakukana pia. Bila shaka alikuja siku zangu za mapumziko! Ratiba yangu ya zamu nani aliibandika kwenye friji? Mume wangu. Nikaona ni mapenzi. Nikamwambia hadi mama yangu.

Kumbe wote wanajua. Napita korido hii kila asubuhi, "shikamoo daktari, shikamoo daktari," wanajua. Wamenichezea shere mchana kweupe. Na siwezi hata kuwalaumu, wamefanya nilivyowafundisha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hapana, muongo mimi. Linaloniuma ni lile "Mimi?" lake. Angeniacha nimchome!

Muuguzi akaniambia kwa adabu nitoke. Nikatoka.

Kipimo cha kwanza ni safi. Nimesikia kupitia pazia, hakuna aliyeniambia. Damu itarudiwa. Baadaye Twiga akaja, akachuchumaa mbele yangu. Mgonjwa anataka kwenda nyumbani, anasema amepona. Na majibu ya pili ameomba asiambiwe mtu. Nikauliza, mtu? Akasema, "Hata wewe, dada." Nikamwambia asimruhusu, amzuie hata kwa kamba. Akasema anajaribu.

Nilipanga nikimwona nimzabe kofi kwanza. Sasa nataka tu abaki kitandani, ile damu irudiwe.

Mashine ya kushtua moyo imepita, Twiga anaisukuma. Anakimbia! Twiga hakimbii hata mvua ikinyesha. Nimeinuka, nimefika mlangoni, mlinzi kaweka mkono. Nimemwonyesha kitambulisho. Kakitazama, kanitazama, macho yamemlegea.

"Mpaka uitwe, daktari. Ulisema hata akilia."

Pazia limefungwa. Hakuna anayeita.