Mama Mkwe na Kompyuta ya Sebuleni

Mama mkwe wangu mpendwa,

Usishtuke. Ni mimi, mume wa Eliza, na leo nasema na wewe moja kwa moja. Ulipokuwa hai isingewezekana. Kwa desturi yetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Lakini sasa umepumzika kule kijijini kwako Ruanda, jirani na mibuni yako, nadhani barua si kosa. Kama ni kosa, wazee watatusuluhisha huko huko.

Unakumbuka ulivyokuja Tunduma kutibiwa mguu? Eliza alikupa sebule nzima, nami nikahamia uani na kiti changu cha plastiki. Mwanaume niliyefika Lusaka, Harare mpaka Lubumbashi, ninayejulikana na kila dereva wa lori hapa mpakani, nikawa naishi uani na kuku. Sikulalamika. Basi, kidogo tu.

Shida ilikuwa kompyuta. Niliinunua Nakonde, ng'ambo tu hapo, ya mtumba lakini nzima, nikaiunganisha na televisheni ikawa sinema ya mtaa. Ndani yake kulikuwa na video ya harusi yetu, na ni humo tu baba mkwe, marehemu mumeo, alimobaki anatembea na kusema. Ulitaka kumwona kila siku. Ila mashine yote ilikuwa ya Kiingereza, na mwenye Kiingereza pale nyumbani alikuwa mimi. Kwa hiyo wewe unajikongoja chumbani, mimi naingia sebuleni, nawasha, natoka mbio, ndipo unarudi kukaa.

Na Kiingereza chenyewe, mama, niliishia kidato cha pili. Kikitokea kiboksi cha maandishi, Eliza akiniuliza kinasema nini, nilikuwa natunga. "Inasema imechoka, iachwe ipumzike." Mwanao akaniamini miaka yote.

Mpaka ile siku Eliza alipokwenda Mlowo kununua mahindi. Nilikuwashia harusi asubuhi nikaenda mpakani. Narudi saa kumi jioni, nasikia kimya. Nikasimama nje ya dirisha, mgongo nimeugeuzia ndani, uso barabarani, nikakohoa.

"Ukuta," ukasema, "mwambie mkwe wangu kwamba baba yake amefungua mdomo tangu saa tano na hajatoa neno."

Video ilikuwa imeganda, na kiboksi kimekaa juu yake.

"Ukuta, mwambie mama abonyeze palipoandikwa Yesi."

"Ukuta, muulize mkwe wangu, Yesi ina sura gani?"

"Herufi tatu, mama! Ya kwanza kama panda ya manati!"

Muuza karanga aliyekuwa anapita akasimama. "Mzee, unagombana na nani barabarani?"

"Nafundisha kompyuta. Pita!"

Ukabonyeza. Mashine ikazima, puu. Kumbe kiboksi kilikuwa kinauliza kama tuzime. Halafu nikakusikia ukisema kwa sauti ya chini, na safari hii hukuusemesha ukuta: "Haya, Baba Eliza. Kesho basi."

Mama, maneno yale yalinichoma. Ulikuwa umemngojea mumeo mchana kutwa kwa sababu ya mdomo wangu.

Kulipokucha nilibeba mashine mpaka kwa Anyesi, yule dada fundi wa kompyuta pale stendi, nikamweleza yote.

"Naweza kukupigia window upya, hiyo hiyo uliyoizoea," akasema. "Au nikuwekee mfumo huu wa bure. Magemu yako hautayakubali, nakwambia mapema. Ila una Kiswahili, ukiwaka tu unaleta picha kubwa kubwa, na bibi atauendesha kwa rimoti."

"Kiswahili?" nikacheka. "Anyesi mdogo wangu, kwangu wanakuja wanaume kutoka Kapiri Mposhi kuangalia mpira. Wakute mashine yangu imeandikwa Rudi na Zima kama ya chekechea?"

"Anayemtazama marehemu ni wanaume wa Kapiri Mposhi?"

Ukweli ni kwamba sikuwaogopa Wazambia. Niliogopa siku ambayo hakuna mtu nyumbani atakayehitaji Kiingereza changu.

"Weka huo wa bure," nikasema. "Ila toa kwanza kopi ya harusi."

"Nimeshatoa, kaka. Mbili."

Eliza alikufundisha siku mbili, ya tatu ukawa unamfundisha yeye. Mimi niko uani na chai yangu, namsikia baba mkwe anahutubia, anamaliza, unamrudisha, anaanza tena. Anapofika pale anaponisema, "Huyu mkwe wangu ni redio, lakini redio haijawahi kumpiga mtu," mwanamke mmoja kwenye video anaangua kicheko. Siku zote nilidhani ni yule shangazi wa Ivuna. Jioni ile ukaleta salamu: "Ukuta, mwambie mkwe wangu mashine yake sasa ina adabu." Niliipokea kama digrii.

Wale jamaa wa Kapiri Mposhi, usiku wa mpira ukishaingia chumbani, walicheka siku moja. Siku ya pili wakawa wanajibonyezea wenyewe, mimi nimekaa pembeni kama mkurugenzi.

Sasa sebule nimerudishiwa. Jumapili iliyopita nikaiweka ile harusi, nikaketi. Unajua sikuwahi kuiona mpaka mwisho? Kila ilipowashwa, ulikuwepo wewe, sebuleni au kwenye picha, nami nikakimbia. Hata siku yenyewe ya harusi macho yangu yalikuwa chini, kama inavyompasa bwana harusi.

Baba akafika pale pa redio, na mpiga picha akageuza kamera kwako. Miguu yangu ikainuka yenyewe kwa mazoea. Nikairudisha chini. Ulikuwa umefunika mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika, machozi yanakutoka, na kicheko kile kile nilichokisikia uani miezi yote ile. Kumbe hakuwa shangazi. Eliza akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Unamwangalia mama?"

"Namwangalia."

Akakaa kando yangu, naye akaanza kucheka, mabega yanatikisika vile vile.

Msalimie baba mkwe. Mwambie redio yake bado inaongea, na binti yenu bado anacheka.

Ni mimi mkweo,
Mume wa Eliza, Tunduma