Shimo Nililolikwepa Vizuri

Ndugu yangu, nimekwisha. Usicheke.

Si ile safari ya baiskeli na baba wa mchumba wangu? Sheria yao ni moja tu: wa mbele akiona shimo anasema "shimo", nawe unamwambia aliye nyuma yako.

Nikasikia. Nikalikwepa kwa ustadi wa ajabu. Nikanyamaza.

Na nyuma yangu nani? Mzee mwenyewe. Kaishia mferejini, maji kifuani.

Ananiuliza, "Kijana, hukuliona?"

Bingwa mimi nikajibu, "Nililiona, mzee."

NILILIONA. Kwa fahari, kama nimefaulu mtihani.

Sasa kachukua baiskeli yangu, mimi nasukuma yake, gurudumu limepinda. Kundi zima linanipita, kila mmoja ananinyooshea kidole: "Shimo."

Aliyeanza ni mchumba wangu.