Bosi Imeoza

Saa nne na robo. Mzee Gichovi ametoka kanisani bila kofia yake. Cicily, kosa ni langu.

Unamjua Matthias, yule Mjerumani anayetukarabatia kanisa. Ninamfundisha majina ya Kiingereza ya mapambo ya majengo. Jana nilimpa “boss”: kile kifundo cha mbao pale mihimili ya dari inapokutana, kilichochongwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau.

Leo amesimama mbele ya wazee wa kanisa, akanyoosha kidole juu, akatangaza kwa Kiswahili: “Bosi ya Emajensi imeoza. Lazima ishuke!”

Imeoza! Ngeli haikusaidia. Hapa Siakago hata mtu tunamsema kwa “i-” hivyo hivyo.

Na mwenyekiti wetu ni Gichovi. Babake ndiye aliyekuwa mkubwa wa homgadi, wale askari wa kijiji wa mkoloni, kanisa hili likijengwa. Hakuna aliyetazama dari. Wote walimtazama yeye.

Teresia, mmoja wa wazee, akapaza sauti: “Amina! Hata Mzungu ameona!”

Wakacheka. Cicily, nami nilicheka. Nilijua anasema dari, na bado nikacheka kwanza.

Nilipoanza kueleza, Gichovi akaniuliza, “Mwalimu, hilo neno umemfundisha wewe?”

Nikasema ndiyo.

Akavua kofia, akatia funguo za kanisa ndani yake, akaniwekea mapajani, akatoka.