Kiungio Nilichomfungia Mzee Ilunga

Manassas, Virginia
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Nadhani barua hii itakukuta umesogea karibu na jiko la mkaa, maana baridi ya Makambako mwezi huu naijua, haina adabu. Mgongo unaendeleaje? Dada Tumaini ameniambia umeanza kwenda kanisani bila mkongojo, nikashukuru Mungu. Akaniambia pia kwamba dawa bado unazikimbia. Kunywa dawa, Baba. Mama naye mpe shikamoo yake, na umwambie kifua chake hakitoki kwenye sala zangu. Sisi huku ni wazima. Mama Upendo anaendelea na kazi yake ya kuhudumia wazee majumbani. Upendo amekuwa mrefu; Kiswahili anakisikia chote, ila ukimwuliza kitu anakujibu kwa Kiingereza.

Najua mmenipigia simu mara nyingi na sikupokea. Kazi haikuwa nyingi, Baba. Nilikuwa naona aibu. Nimeamua kuandika kwa sababu simu hukatika katikati ya neno, na hili nikikatizwa sitaweza kulianza tena. Dada akusomee polepole. Kama kuna wageni, asubiri waondoke.

Unakumbuka nilivyokueleza kazi yangu, kwamba tunafunga vyuma vya kuvutia matela kwenye pikapu. Huku kuna watu wanavuta nyumba nzima za magurudumu, zina kitanda, jiko na choo. Zile kubwa hazifungwi kwenye bampa. Zina shingo inayopanda juu ya bodi ya pikapu, halafu pini nene inashuka na kukaa kwenye kiungio kilichofungwa katikati ya bodi, kama tela lako ulilokuwa ukilivuta kwenda Tunduma. Lakini lori lako lilikuwa na nafasi nyuma ya kabini. Pikapu za siku hizi kabini yake ni ndefu, inabeba familia, na bodi imebaki fupi. Ukikata kona kali, hasa unaporudi nyuma, pembe ya tela inakuja kwenye kioo cha nyuma.

Kwa hiyo gari la bodi fupi linataka uchague kiungio kwa makini. Kuna kile kisichosogea kabisa. Kuna chenye mkono, ambacho kabla ya kona unasimama, unashuka, unauvuta ule mkono, nacho kinasogea nyuma. Na kuna kinachosogea chenyewe kadiri unavyokata, ila hicho kinahitaji na tela nalo lifungwe bamba lake ili pini isizunguke.

Baridi ya huku ilipoanza kupungua, alikuja mzee mmoja Mkongo wa Lubumbashi, jina lake Mzee Ilunga. Ameendesha basi la shule miaka mingi huko Columbia, Maryland, sasa amestaafu. Yeye na mkewe, Mama Odette, walinunua nyumba ya magurudumu waende kuishi karibu na binti yao Ohio. Mama Odette alikuwa amepasuliwa nyonga, hawezi kukaa kwenye gari bila kunyoosha mguu. Karakana zipo nyingi jirani na kwao, lakini Mzee alikuja mpaka Manassas kwa sababu alisikia kuna fundi anayesema Kiswahili. Fundi huyo ni mimi.

Nilipima. Nilipima kutoka mahali kiungio kitakapokaa hadi kabini, kisha nikapima nusu ya upana wa tela. Tela lilizidi kwa kiganja kizima. Nikamwambia Mzee kuhusu kile chenye mkono, akacheka, akasema, "Mimi minasahau mambo, mwana yangu. Siku moja nitasahau kushuka." Basi kilichobaki ni kinachosogea chenyewe. Nikaenda kwa msimamizi wangu.

Msimamizi akasema hicho mpaka kiagizwe, wiki tatu. Mzee alikuwa na siku nane tu kabla ya kukabidhi nyumba aliyopanga. Msimamizi akanionyesha kiboksi kilichokuwa pembeni, kile kisichosogea. "Mfungie hicho. Mwambie asikate kona kali. Watu wengi wanaishi hivyo." Baba, wenzangu wawili walikuwa wameachishwa kazi mwezi uliotangulia. Sikubisha. Ningeweza kusema hapana, naye angekasirika, pengine ingeishia hapo. Sikusema.

Nilirudi kwa Mzee Ilunga. Akanishika bega, akaniuliza, "Mwana yangu, hii kintu ni muzuri kwa gari yangu? Niambie kweli."

Nikamjibu, "Ni kizuri, Mzee. Ukikata kona taratibu hutapata shida."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Msimamizi hakuyasema yeye, niliyasema mimi, kwa mdomo wangu. Nikakifunga vizuri, boliti zote nikazikaza kwa kipimo. Mama Odette akanipa mikate, ndivyo wanavyoyaita maandazi wao, imefungwa kwenye kitambaa. Niliila njiani nikirudi nyumbani, na ilikuwa mitamu.

Siku tano baadaye walifika kwenye kambi moja ya matela, magharibi mwa Virginia, kupumzika. Nafasi waliyopewa ilikuwa ya kona, na mtu wa kambi alikuwa anamwelekeza Mzee arudi nyuma, kata, kata zaidi. Mzee akakata. Pembe ya tela ikaingia kwenye kioo cha nyuma na kukunja nguzo ya kabini. Mama Odette alikuwa kiti cha nyuma, ameketi upande na mguu ameunyoosha, kichwa chake karibu na kile kioo. Alichanika shingoni, na kipande cha kioo kikaingia jicho la kushoto.

Mzee alinipigia kutoka hospitali. Nilijua atanitukana, na nilitaka anitukane. Hakunitukana. Aliuliza, "Mwana yangu, nilikosea wapi? Ulinambia nikate polepole, nami nilikata polepole. Nilikosea wapi?"

Nikasema pole, Mzee, pole sana. Nikakata simu. Wewe uliyewahi kukataa mbele ya tajiri wako kuondoa gari lenye breki mbovu, ukalala chini ya tela siku mbili mpaka zikatengenezwa, mimi ni mwanao na nilikata simu.

Baada ya hapo nilisikia kwa watu wa kanisa lao kwamba binti alikuja kutoka Ohio akamnyang'anya funguo. Alisema baba yake amezeeka, hana macho ya kuendesha tena, amemwumiza mama. Na Mzee alikubali. Mtu aliyebeba watoto wa watu miaka yote ile bila kumkwaruza hata mmoja, alikaa akakubali kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Mimi nilikuwa naenda kazini, narudi, nakula, nalala. Mama Upendo akaniona siko sawa, akaniuliza mpaka nikamwambia. Hakugomba. Alisema tu, "Baba Upendo, yule mzee alikuuliza swali. Nenda ukamjibu."

Nilikwenda Columbia, walikuwa wamehifadhiwa kwa rafiki zao. Mzee alinikaribisha, akataka kunipa chai. Nikamwambia asinipe kwanza. Nikamweleza vipimo, nikamweleza kile kiganja kilichozidi, nikamweleza kwamba nilijua kabla sijakaza boliti ya kwanza. Mama Odette alikuwa amelala kwenye kochi, jicho limefungwa bandeji. Akauliza, "Ulipima?"

"Nilipima, Mama."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Akageuka akaangalia ukutani. Mzee aliweka mikono juu ya magoti, akasema, "Kama ungenisemea mu Kingereza, ningeuliza mutu mwingine. Ulinisemea mu Kiswahili, njo maana sikuuliza."



Nilimwomba amwite binti yake, aliyekuwa jikoni. Nikarudia yote mbele yake, neno kwa neno. Yule binti ndiye aliyelia. Alikwenda chumbani, akarudi na funguo za gari, akaziweka mapajani pa baba yake. Wiki iliyofuata watu wa bima waliponiomba maelezo, niliandika na kutia sahihi. Msimamizi aliniita ofisini. Aliniambia hakuna mtu aliyenilazimisha, na hapo alisema kweli. Siku ileile nikakabidhi ovaroli. Sasa napakia mizigo kwenye ghala moja hapahapa mjini. Kwa hiyo, Baba, ukiulizwa na wazee wa kanisa, usiwaambie tena kwamba mwanao ni fundi mkuu Amerika. Sema yupo, anafanya kazi.

Sikutegemea kusikia tena sauti ya Mzee Ilunga. Lakini wiki mbili zilizopita alinipigia. Gari lilikuwa limetengenezwa, na kiungio kinachosogea chenyewe alikuwa amekitafuta mwenyewe, na bamba lake. "Ukuje umalize kazi yako," akasema.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Alikuwa amekisoma kile kijitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa. Alisimama juu yangu muda wote. Kila nilichopima alikipima tena yeye mwenyewe. Kila boliti niliyoikaza aliishika. Hatukuongea ila kuhusu chuma. Tulipomaliza kuunganisha tela, tukatoka hadi kiwanja kitupu nyuma ya kanisa lao. Hapo akasimamisha gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma.

"Ikala pale," akasema. "Kichwa pale penye kilikuwa cha bibi yangu."

Nikakaa, Baba. Nikakiegemeza kichwa pale, mahali pa Mama Odette. Mzee akarudi kwenye usukani, akaweka gia ya nyuma, akakata usukani mpaka mwisho wake. Nilisikia kile chuma kikisogea chini ya tela. Kupitia kioo niliiona ile pembe nyeupe inakuja, inakuja, na mwili wangu wote ulitaka kuinama, lakini sikuinama. Ilipita. Mzee akaenda mbele, akakata upande wa pili, akarudi nyuma tena. Ikapita. Alifanya hivyo mara nne. Mara ya nne alisimama pembe ikiwa karibu kabisa, akashuka, akapitisha mkono wake kati ya tela na kioo. Mkono ulipita, na nafasi ikabaki.

Alinifungulia mlango. "Bon, ni muzuri," akasema. "Sasa anaweza kupanda."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akatikisa kichwa. "Bado. Usiniharakishe."

Waliondoka Jumatatu. Jicho la Mama Odette halioni, na daktari amesema halitaona tena. Aliniaga kwa kuinua mkono, basi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yananinyima usingizi, na sasa unayajua. Nisalimie Mama sana, Dada Tumaini anayekusomea, shemeji yangu mwenye duka, Baba Mdogo fundi seremala, na Shangazi Yusta anayenidai picha ya Upendo, mwambie inakuja. Mjomba wa Njombe naye, kama mahindi yake yamekubali.

Usinijibu haraka, Baba. Nijibu utakapokuwa tayari, na kama ni kwa ukali, andika kwa ukali.

Ni mimi mwanao,
Festo