Draiva Aliyoniwekea Watson

Tunduma,
Jumamosi.

Kaka yangu Jairo,

Shikamoo, na wifi Gwantwa naye nampa shikamoo yake. Naandika nikiamini mmeamka salama huko Mbebe, ukungu haujawazidi, na goti la wifi limeacha kumsumbua anapopanda mlima na kuni. Kahawa imebeba? Huku mvua zimekatika mapema, nikawa nawaza maharage yenu. Mimi nakula, nalala, na kibanda kinaendelea. Malori yamejipanga kuelekea mpakani kama ulivyoyaacha, na vumbi lake tunalinywa na chai.

Kabla ya habari nyingine, ndaga, kaka, nakushukuru tena. Ile kompyuta uliyoninunulia kwa kahawa ya msimu ule bado ndiyo inayonilisha. Unakumbuka tuliitoa kwenye kibanda cha gemu, vijana wakichezea mpira humo. Ndiyo maana ina kadi kubwa ya picha ndani yake, kadi ambayo mimi mchapaji wa mialiko ya harusi na ratiba za mazishi sikujua ina faida gani kwangu. Sasa nimejua, na nataka nikusimulie.

Mwaka jana madereva waliniletea virusi kwenye flashi zao hadi kazi za wateja zikapotea. Aliyeniokoa ni Watson, mtu wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, wakala wa kutoa mizigo ambaye huja kwangu kuchapa karatasi zake. Aliniwekea mfumo unaoitwa Linux. Alinieleza kwamba umejengwa na watu wa nchi nyingi wanaojitolea, kila mmoja akileta alichonacho, nami nikamwambia basi huo ni msaragambo, kama tunavyochimba mfereji kwetu. Akacheka, akasema sawasawa kabisa, mukwai, kwa heshima yao ya kule.

Tangu hapo sikusumbuliwa na virusi. Ila miezi ya karibuni nimekuwa nikikuza maandishi ya skrini ili nifanye kazi. Sababu nitakueleza, usiwe na haraka. Kila nilipokuza, picha ilikwama na kuchanika vipande. Nikisogeza mausi, maneno yalifuata nyuma yakirukaruka kama panzi. Jioni kichwa kiliniuma mpaka nikashindwa kula. Watson akaniambia shida ni draiva. Nilidhani anamsema dereva wa lori! Kumbe ni programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na ile kadi. Draiva niliyokuwa nayo ilikuja na mfumo, ya watu wa msaragambo, inatosha kwa kazi ndogo. Kampuni iliyotengeneza kadi ina ya kwake. Wanaitoa bure, ila ndani imefungwa, huruhusiwi kuona ilivyoandikwa. Wengi wa Linux hawaipendi kwa sababu hiyo, lakini ndiyo inayoijua kadi vizuri zaidi.

Sikutaka kumsumbua tena. Jumapili baada ya ibada nikafungua mwenyewe sehemu ya madraiva, nikachagua ile ya kampuni. Bando likaliwa, mstari wa kupakua ukajaa. Katikati niliambiwa nitunge neno la siri, nikaandika bila kufikiri. Kisha nikazima kompyuta na kuiwasha. Ikaja skrini ya bluu yenye mistari michache ya Kiingereza. Nikainama, nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, lakini sikuweza kuisoma, na kabla sijaamua nibonyeze nini ikaondoka yenyewe. Baada ya hapo ni giza tupu, na kistari kimoja kinapepesa kwenye kona.

Kaka, niliogopa. Humo ndani kulikuwa na ratiba ya mazishi ya bibi mmoja wa mtaani kwetu, na watoto wake walikuwa wanakuja kuichukua kesho yake. Nikampigia Watson nikimwomba msamaha kabla hata ya salamu.

Asubuhi alivuka mpaka kwa miguu, akaja kwangu kabla ya kwenda kwenye mizigo yake. Akauliza ile skrini ya bluu iliandika nini. Nikasema sikuona. Akauliza tena taratibu, sikuona au sikusoma? Nikarudia kwamba sikuona. Alinitazama kidogo, akavuta kiti.

Aliiwasha kwa njia ya dharura, akaandika amri kadhaa, akaiondoa draiva mpya na kuirudisha ya zamani. Picha ikarudi, na ratiba ilikuwepo nzima. Tuliichapa kwanza. Watoto wa marehemu walipokuja walinikuta nimeshaikunja, wakanishika mikono yote miwili, na wala hawakujua tulikotoka.

Ndipo tukaanza upya. Watson alinieleza kwamba mashine ina ulinzi wake: haimruhusu mgeni kuingia wakati inawaka mpaka mwenye mashine akubali kwa lile neno la siri, na kukubali kwenyewe ni kwenye ile skrini ya bluu. Mara hii ilipokuja, yeye alinisomea kwa sauti mstari mmoja mmoja, nami nikabonyeza. Ikazima, ikawaka. Nikakuza maandishi makubwa kuliko nilivyowahi kuthubutu, meupe juu ya weusi. Kaka, yalitulia! Nikasogeza mausi, yakateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Nikalia mbele ya mgeni.

Watson hakunicheka. Alisema mama yake alianza hivyohivyo, akawa anaficha, wakaja kugundua ameshafika mbali. Akasema, "Erica, draiva imeisaidia kompyuta. Wewe nani anakusaidia? Mimi sitoki hapa mpaka uniahidi utakwenda hospitali." Nikamwahidi ili atoke. Wiki nzima alipita kila asubuhi kuniuliza nitakwenda lini, mpaka nikafunga kibanda nikapanda gari la Mbeya.

Basi sababu ndiyo hii, kaka, nami sikuweza kuisema kwa simu kwa kuwa ningelia nawe ungepanda gari usiku huohuo. Jicho langu la kushoto limekwisha. La kulia linaona, ila kingo zake zimeanza kuliwa na ukungu. Daktari alisema ni presha ya macho. Hainiumi, ndiyo maana inaiba taratibu bila mtu kushtuka. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, na nimeshaanza. Usinihurumie. Nafanya kazi siku nzima kichwa hakiniumi, na nalala nikishukuru.

Daktari aliniuliza kama yuko mtu wa ukoo wetu aliyepofuka. Nikamkumbuka baba, alivyokuwa akitembea huku anapapasa migomba, na watu wakisema amerogwa kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tuliwanunia majirani wale miaka yote, kaka. Hakurogwa. Ni ugonjwa huuhuu, na unatembea kwenye damu. Daktari alisema kila mtoto wa baba lazima apimwe.

Na hapa ndipo hofu yangu ilipo. Krismasi nilipokuja kwenu nilikuona ukimimina chai pembeni ya kikombe. Wifi alifuta meza, ukatania kwamba kikombe kimesogea. Kesho yake ulijigonga bega kwenye mwimo wa mlango wa nyumba uliyoijenga mwenyewe. Sikusema kitu, kwa sababu nami nilikuwa naficha yangu. Sasa nasema. Njoo, kaka, usisubiri mavuno. Utalala kwangu, asubuhi tutapanda gari la Mbeya pamoja. Kipimo chenyewe hakiumi, wanakupulizia hewa kidogo tu machoni na kukutazama kwa taa. Watoto nao watafuata shule zikifungwa. Wewe ndiwe uliyenipa mashine, ukanipa na kazi. Niache angalau nikushike mkono mpaka mlangoni kwa daktari.

Barua hii anawaletea Sadoki, jirani yenu, anayerudi Isongole na mzigo. Nimempa na sukari ya wifi na daftari za watoto. Wasalimie wote, na wazee wa kanisani waambie naimba bado. Watson naye anakusalimu, anasema anataka kumwona mtu aliyeuza kahawa akanunua kadi ya gemu.

Nimechapa kwa herufi kubwa makusudi. Zikikusumbua, usijikaze, mpe wifi akusomee, na umwambie ukweli.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Erica