S1 Si Jina la Muntu

Mji wa Baraka, kando ya ziwa, Jumatano. Mvua tangu asubuhi.

Nisipoandika leo, kesho nitajidanganya.

Nilikuwa juu ya lori, natoka Fizi kuchukua chaki za shule. Kwenye bariyeri ya barabarani askari walitushusha, wakapekua mizigo. Ajida, mkubwa wao, akafungua daftari langu la biolojia, lile aliloniandikia rafiki yangu Asukulu tulipokuwa tunasoma pamoja Kisangani, kabla ya yeye kupelekwa kufundisha Kazimia na mimi hapa.

Akasoma polepole: "S1 inasaidia ARN ya virusi kuanza kazi ndani ya bakteria." Akainua macho. "S1 ni nani?"

Nikasema si muntu, ni protini.

"Wewe sitwayeni, bantu ya maki, wale waasi, iko kule mulimani. Huku kila namba iko na siri."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Bakteria ni kiumbe kidogo, macho hayakioni. Ndani yake kuna ribosomu, mashine zinazosoma maagizo na kutengeneza protini. Virusi hii haiji na mashine yake. Inaleta maagizo tu, ndiyo ile ARN. S1 ni protini ya ribosomu yenyewe. Inayashika maagizo ya mgeni na kuyaweka pahali pa kuanzia. Bila S1, ribosomu haianzi kuyasoma.

"Basi iko muntu wa ndani anafungulia adui mulango."

"Haijui kama ni adui, shefu. Inafanya tu kazi yake."

Hakucheka. "Nani aliandika hii?"

Ningeweza kusema ni mimi. Mwandiko wangu hakuujua.

"Asukulu," nikasema. "Anafundisha Kazimia."

Hakuna aliyenipiga. Hakuna hata aliyenitisha.

Akaandika jina kwenye karatasi yake, akanirudishia daftari, akaniambia nipande. Mama mmoja mwenye kapu la mihogo akanisogezea nafasi bila kuniangalia.

Najiambia jina kwenye karatasi si kitu. Lakini mume wa jirani yangu waliliandika jina lake vilevile, akakaa kasho, gerezani kwao, mpaka miguu ikavimba.

Kesho wanafunzi watanikosa. Alfajiri nitatafuta boti ya Kazimia, maana Asukulu lazima aisikie habari hii kwangu, si kwa askari.

Nikifika mlangoni pake, nitamwambia nini kwanza: akimbie, ao anisamehe?