Ngamia wa Kioo Kutoka "La Mecque"

Mama Candide wa gazetini,

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Shakuru tunayekaa naye dawati moja: mimi ni mvulana wa miaka kumi na sita, na ninachokipenda kuliko mpira ni vinyama vya kioo. Bibi yangu anavyo kabatini, jogoo, bata wawili na ngamia, vidogo vya kukaa kiganjani, vimepakwa rangi nzito inayong'aa, na mizinga ikianza kulia milimani kazi yangu ni kuvifunga kwa pamba kabla hatujaingia chini ya kitanda, kwa hiyo nimevijua kwa vidole kuliko mtu yeyote nyumbani, nikaanza kujiuliza nani alivitengeneza na lini, nikasoma kitabu cha Kifaransa maktabani mpaka mlinzi akanitoa kwa sababu ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku, nikajifunza kwamba rangi ile inaitwa émail, ni unga wa kioo unaopakwa kwa brashi na kuchomwa motoni, ndiyo maana haibanduki ukiikwaruza kwa kucha, na kwamba kinyama kisicho na mshono wa kalibu kimevutwa na mkono wa mtu kwenye moto.

Hadi hapo ilikuwa raha tupu. Lakini bibi ameamua kwamba dada yangu Yasmina akiolewa mwisho wa mwezi huu apewe ngamia, kwa sababu marehemu babu alimleta kutoka Makka alipokwenda Hija, na mimi kwa kuwa naandika vizuri nitunge habari za ngamia huyo nizisome mbele ya wageni. Basi juzi nilipokuwa namfunga, kitambaa cha kijani ambacho bibi alikigundisha zamani chini ya kikalio chake kikabanduka, na hapo kulikuwa na vikaratasi viwili, kimoja cha dhahabu kimeandikwa Tchécoslovaquie, yaani Chekoslovakia, nchi ambayo haipo tena, na kingine cha duka: LA MECQUE DU CADEAU, QUARTIER ASIATIQUE, USUMBURA, yaani Makka ya Zawadi, Mtaa wa Waasia. Kwa hiyo umri wake nimeukisia, maana mji wetu haujaitwa Usumbura tangu uhuru, na nchi ya fundi wake nimeipata ingawa jina lake bado, lakini pia nimegundua kwamba babu alimdanganya bibi, alimnunulia ngamia hapa hapa mjini akasema ametoka Makka.

Bibi anasoma herufi za Kiarabu tu, kikaratasi hakikumwambia kitu. Kila akimpangusa ngamia vumbi husema, "Babu yako alikuwa mbali, lakini alinikumbuka." Nimerudisha kitambaa kwa gundi ya shule na tangu siku hiyo silali vizuri, maana nikisoma kwamba ametoka Makka nitasema uongo mbele ya shehe, na nikisema kweli nitamnyang'anya bibi mumewe mara ya pili. Nisaidie, lakini tafadhali usichapishe, kwani gazeti lako mimi ndiye ninayemsomea bibi kila Ijumaa, na anaanza na ukurasa wako.

Mwenye haya, Buyenzi

Mwanangu mwenye haya,

Hilo la kupenda vinyama vya kioo lisikusumbue. Wengine wakiokoa redio na wewe ukaokoa bata, nyumba yenu haikosi kitu.

Sasa nikugombeze. Umesoma kitabu, umetafuta mshono, umejaribu rangi kwa kucha. Kisha kwenye jambo zito kuliko yote, la kumwita marehemu mwongo, hukuuliza hata swali moja. Huo ni uchunguzi gani?

Duka hilo nalijua. Lilikuwa la Mgiriki, na jina lilikuwa refu kwa midomo yetu, tukalikata. Mama yangu akipata sahani mpya, jirani alimuuliza, "Umetoa wapi?" naye alijibu, "La Mecque." Hakuna aliyemwita Hajati. Sisi ni Wakatoliki, na mishumaa yetu ya Noeli ilitoka La Mecque. Sasa babu yako alitamka neno gani? Makka, au La Mecque? Hujui. Anayejua anakaa nyumba moja na wewe, na wewe unaniandikia mimi.

Umeomba nisichapishe. Nimechapisha makusudi. Ijumaa keti na bibi yako umsomee kama kawaida, usiruke mstari. Ukimaliza, muulize maneno ya babu, kisha nyamaza usikilize. Mume alikuwa wake na ngamia ni wake, kwa hiyo habari itasomwa anavyotaka yeye, mradi wewe usitamke unachojua si kweli. Na hiyo gundi ya shule uitoe taratibu kwa kitambaa chenye unyevu kabla haijala kikaratasi. Mpenda vioo mzima hujui hilo?

Mama Candide,

Nilifanya ulivyosema. Ijumaa baada ya sala bibi alikaa kwenye mkeka akasema, "Leta, soma ya Candide." Nikasoma. Nilipofika kwenye jogoo na bata aliniangalia. Nilipofika Usumbura akasema, "Endelea, usishushe sauti." Nikamaliza, nikamuuliza.

Alicheka mpaka ushungi ukaanguka mabegani.

"We mutoto. Ku Makka alileta tende na maji ya Zamzam, basi. Ngamia alikuja nyuma, siku nilizaa baba yako. Nikamuuliza, umetoa wapi? Akasema, La Mecque. Mi nikasikia Makka, nikafikiri alikuwa amemuficha mu sanduku miezi yote ile. Kifaransa mi ningekitoa wapi?"

"Kwa hiyo babu hakudanganya?"

"Apana. Alinijibu vizuri. Ni mi nilimupeleka mbali."

Nikabandua kitambaa cha kijani kwa unyevu kama ulivyosema, naye akamchukua ngamia, akamgeuza, akapitisha kidole kwenye kikaratasi cha duka.

"Siku ile mvua ilinyesha sana," akasema. "Alitoka ku kazi, kumbe akapita ku duka kwanza. Aliingia amelowa mwili wote. Mukavu alikuwa ngamia peke yake."

Nilimuuliza niandike nini. Akasema niandike jina lote la duka, na mvua nisiisahau.

Harusi ilifanyika mchana ili wageni wawahi couvre-feu. Nilisoma kwa sauti ndogo. Nilipofika kwenye "du Cadeau", baba wa bwana harusi, mzee Anouar mwenye gereji, akavua kofia akacheka, akasema nyumba yake iko nyuma ya lile lililokuwa duka la Mgiriki. "Basi bibi harusi anakuja kwetu," akasema, "lakini ngamia anarudi kwao."

Bibi alicheka kuliko wote. Nikambeba ngamia hadi kwa dada Yasmina, bila pamba, nikamweka mkononi mwake. Kitambaa cha kijani hatukukirudisha. Jumapili Shakuru alikuja nyumbani kuona bata, nikamwonyesha.